Sauti Iliyobaki Stoo

Kiharusi kilipompata mume wangu kilimwachia macho, mkono wa kushoto na hamu ya kula. Kiswahili kiliondoka chote.

Mimi nilizaliwa Kisii, naye ni Mkipsigis wa huku Kimulot. Tulikutana nikiwa mwalimu mgeni wa shule ya msingi na yeye fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai, na lugha pekee iliyotuunganisha ilikuwa Kiswahili. Tulichumbiana kwa Kiswahili, tukagombana kwa Kiswahili, tukamlea binti yetu kwa Kiswahili. Siku ya kwanza aliniita Mwalimu, na hakuwahi kuniita jina lingine hata tulipokuwa wawili tu mezani. Kikipsigis nilijifunza cha kusalimia majirani na kununua mboga, nikaona kinatosha.

Wifi yangu, dada yake mkubwa, alihamia kwetu kunisaidia kumgeuza na kumwosha. Alikuwa akimsemesha kwa lugha yao mfululizo kama mtu anayemsemesha mtoto mchanga, na mwezi wa tatu tangu augue, asubuhi moja ya ukungu, akamjibu. Alitamka neno moja tu: "Chego." Maziwa. Wifi yangu alijiziba mdomo kwa leso akalia. Mimi pia nililia, na sitadanganya kwamba yote yalikuwa machozi ya furaha. Tangu siku hiyo maneno yaliendelea kumrudia, mawili leo, moja wiki ijayo, yote ya utotoni. Nikimwambia jambo kwa Kiswahili, ananitazama kwa adabu, kama mgeni aliyekaribishwa nyumbani kwa watu asiowafahamu.

Hapo ndipo nilipoanza kuifikiria ile kompyuta ya stoo.

Kwa miaka mingi mume wangu alikuwa na kamera ya video. Alirekodi harusi, kwaya ya kanisa, ng'ombe akizaa, mimi nikisahihisha madaftari. Kanda zilipoanza kuharibika kwa unyevu, alizihamishia zote kwenye kompyuta kuukuu aliyoiweka stoo, juu ya ubao, mbali na magunia ya mbolea. Haikuwa na skrini. Ilikaa pale ikinguruma kutwa, na kisanduku kidogo chini ya TV ndicho kilichozivuta video kutoka stoo hadi sebuleni. Mara ngapi aliniambia, "Njoo nikuonyeshe inavyofanya kazi, ni dakika tano tu." Nami nikamjibu, "Nina madaftari ya darasa la sita." Dakika tano zenyewe sikuwahi kuzipata.

Alipokuwa bado wodini, msimu wa mvua kubwa, radi ilipiga nguzo ya stima iliyo karibu na geti. Kompyuta ilinusurika kwa sababu alikuwa ameiwekea kifaa cha kuikinga. Kisanduku cha TV kiliungua. Nilikuta kinanuka plastiki iliyoungua, nikakitupa kwenye droo na kukisahau, maana siku zile nilikuwa na mambo mengine ya kuogopa.

Sasa nilikitoa kwenye droo, nikakifunga kwenye gazeti na kwenda nacho Kericho.

Mwenye duka la vifaa vya umeme alikuwa mwanamke wa makamo, miwani ameipandisha kichwani. Alikigeuzageuza.

"Hii iliacha kutengenezwa kitambo, mama. Unataka ya kuangalia nini? Sinema za mtandao?"

"Hapana. Video zetu wenyewe. Ziko kwenye kompyuta nyumbani."

"Kompyuta na TV ziko chumba kimoja?"

"La, kompyuta iko stoo."

"Zimeunganishwa na waya ama ni wai-fai?"

Sikujua.

"Na hizo faili ni za aina gani?"

Hilo nalo sikujua. Nilijiona kama wale wazazi waliokuwa wakija ofisini kwangu bila kujua mtoto wao yuko darasa la ngapi.

"Nani alikuwekea hiyo kitu?" akauliza.

"Mzee wangu."

"Basi si umwulize tu?"

Nikasema nitamwuliza. Alipanga vifaa vitatu mbele yangu. Cha kwanza kilikuwa kijiti chembamba cha kuchomekwa nyuma ya TV, kinachotumia wai-fai peke yake. Cha pili kisanduku cheusi, chepesi, cha bei nafuu. Cha tatu kilikuwa kizito zaidi na kina tundu la waya wa mtandao kwa nyuma. Nilivipiga picha vyote kwa simu.

Nyumbani nilipiga magoti mbele ya kiti chake na kumshikia simu mbele ya macho. Huyu ni mtu aliyekuwa akisikiliza mashine ya kukaushia majani akiwa mlangoni na kusema ni beringi gani inayokufa. Nilimpitishia picha moja baada ya nyingine. "Tuchukue ipi, Mzee? Hii? Au hii?" Aliinua mkono wa kushoto, polepole. Kidole kilitua kwenye kioo, kikaizima picha.

"Chego," alisema.

Wifi yangu akainuka kwenda kumletea maziwa.

Kwa hiyo nilichagua mwenyewe, na nilichagua kisanduku cheusi kwa sababu kilifanana kidogo na kile kilichoungua. Nilifuata maelekezo ya kwenye karatasi, na kwa mshangao wangu kiliiona kompyuta ya stoo mara moja. Majina ya video yakajipanga kwenye TV. Nilibonyeza moja bila kuchagua.

Ilikuwa ni mimi, nikiwa na nywele nyeusi zote, nimesimama kwenye kijia katikati ya chai yetu na kikapu mgongoni. Nilikuwa nacheka. Mtu aliyeshika kamera alikuwa amesema jambo, nami nikatikisa kichwa, nikajibu, nikacheka tena. Hakukuwa na sauti. Niliongeza kwa rimoti mpaka mwisho. Nilijaribu video ya pili, ya tatu, ya harusi ya jirani, ya kwaya. Watu walifumbua midomo, wakapiga makofi, kimya. Nilihamia kwenye taarifa ya habari na msomaji akanirukia masikioni kwa kelele, hata mume wangu akashtuka. Basi si TV iliyokuwa na kosa.

Nilirudi kwenye ile video ya kwanza. Niliona midomo yangu ikimjibu, na sikuweza kukumbuka alikuwa ameniuliza nini. Niliirudia mara nne au tano. Mume wangu alikuwa amekaa pembeni yangu wakati wote huo, na yeye ndiye mtu mwingine pekee duniani aliyekuwepo pale kwenye kijia.

Wiki iliyofuata nilikirudisha.

"Picha inakuja, sauti haiji?" mwenye duka alisema. "Hiyo ni aina ya sauti. Kamera za zamani zinaandika sauti kwa njia yao, na hivi vya bei ya chini havielewi. Kompyuta yenye nguvu ingeibadilisha njiani kabla haijafika kwa TV, lakini naona ya mzee imezeeka. Nenda uniletee faili moja kwa flashi. Tutaijaribu hapa hapa, usinunue kwa kubahatisha tena."

Ikanibidi niiguse. Miaka yote hiyo sikuwa nimegusa kompyuta ya stoo ila kuipangusa vumbi. Nilitoa skrini ndogo kwenye chumba cha binti yetu, ambaye ni muuguzi ng'ambo, nikaiunganisha nikiwa nimeketi juu ya gunia. Mvua ya mawe ilikuwa inapiga mabati, na nilijua maana yake kwa chai iliyokuwa tayari kuchumwa, lakini sikutoka kuangalia. Skrini iliwaka. Folda zilikuwa zimeandikwa kwa maneno yake: Kwaya Krismasi. Ng'ombe mweupe. Mama mdogo kabla ya kufa. Nyingi zaidi kuliko zote zilianza na neno moja: Mwalimu chai. Mwalimu kanisani. Mwalimu amelala. Mwalimu amekasirika. Nilizihesabu mpaka nikaacha. Nilikaa pale mikono magotini, nikifikiria madaftari ya darasa la sita.

Kabla ya kutoka nilifuata waya kwa kidole. Ulitoka nyuma ya kompyuta, ukapanda ukutani, ukapita juu ya dari na kushuka nyuma ya kabati la TV, umepigiliwa vibanio vidogo kila hatua, kazi safi ya fundi. Angalau swali moja nilikuwa na jibu lake.

"Kuna waya," nilimwambia mwenye duka.

"Vizuri. Basi kijiti kitoe akilini, hakina mahali pa waya, na ukuta wa mawe utakisumbua kila siku." Aliichomeka flashi kwenye kile kisanduku kizito na kukiunganisha na TV iliyoning'inia ukutani dukani. Kulikuwa na wateja wawili wakichagua chaja.

Nikaonekana tena kwenye kijia na kikapu changu. Kisha nikamsikia.

"Mwalimu, geuka kidogo, jua linakupiga usoni. Hivyo. Sasa waambie watu wa Kisii kama walishawahi kuona chai kama hii."

"Hii?" nikajisikia nikijibu. "Hii kwetu tunalisha mbuzi."

Akacheka. Kamera ilitikisika kwa kicheko chake. Nilikuwa nimesahau kwamba anapocheka huanza kwa kukohoa. Nilishika ukingo wa meza ya duka kwa mikono miwili.

Mwenye duka alipunguza sauti, akateremsha miwani yake na kuitazama video kwa muda.

"Ndiye huyo?"

"Ndiye."

"Pole sana, mama. Kumbe mzee alifariki. Lini?"

"Yuko nyumbani," nilisema.

Alinifungia kisanduku kwenye karatasi mbili, akanitolea waya wa akiba bure.

Nilikiunganisha siku hiyo hiyo alasiri. Wifi yangu alimvalisha sweta safi kama kwamba tunapokea wageni, tukamgeuzia kiti kielekee TV. Nilichagua video ya kijia kwa sababu nilijua sauti yake itasikika wazi. Nilikuwa nimeiwazia saa hii kwa wiki nyingi. Niliwaza kwamba Kiswahili chake kitajisikia kikiitwa na kutoka popote kilipojificha. Daktari hakuwa ameniambia hivyo, wala mtu mwingine yeyote.

"Mwalimu, geuka kidogo," TV ikasema.

Mume wangu alikunja uso. Aliangalia mlangoni, kisha dirishani, kisha akamwangalia dada yake.

"Ng'o?" aliuliza. Nani?

Neno hilo nilikuwa nalijua. Wifi yangu alimweleza kwa upole, akimgusa kifuani: ni wewe, ni sauti yako. Alitikisa kichwa. Alisikiliza tena. Kicheko kilipokuja, alianza kuusukuma mkono wa kiti kama mtu anayetaka kuondoka, akasema jambo refu kuliko yote aliyosema tangu augue.

Nilimgeukia wifi yangu. "Anasemaje?"

Aliinamisha macho. "Wacha tu, wifi."

"Niambie."

"Anasema huyo mtu anaongea sana."

Nilizima. Wifi yangu alimrudisha chumbani, nami nilibaki na rimoti mkononi. Ndipo nilipokubali jambo nililokuwa nikilikwepa: kisanduku kile sikukinunua kwa ajili yake. Nilikuwa natafuta mtu wa kuniita Mwalimu ndani ya nyumba yangu, kwa lugha yetu, na nilikuwa nimemtumia mgonjwa kama kisingizio. Nilimwomba msamaha jioni hiyo nikimlisha uji. Alimeza, akanitazama kwa adabu ile ile.

Kisanduku chenyewe hakijawahi kusumbua. Stima ikirudi, kinajiwasha chenyewe na kuitafuta kompyuta ya stoo. Mume wangu amekizoea kwa namna yake. Anapenda video za ng'ombe na za kwaya, na alasiri hukaa na dada yake, wakimtaja huyu na yule kwa Kikipsigis, aliye hai na aliyekufa. Mara nyingine namsikia akicheka, naye hukohoa kwanza. Mimi hukaa nao kidogo, halafu hutafuta kazi jikoni.

Siku moja nilikuwa namenya viazi wakati wifi yangu alipobonyeza video tofauti kwa bahati mbaya. "Mwalimu, uko wapi?" sauti ya mume wangu iliita kutoka sebuleni, nzima, ya mtu mwenye haraka.

"Niko jikoni!" nilijibu, na kisu kikiwa mkononi nikapiga hatua mbili kuelekea mlangoni kabla ya kuelewa.

Nimestaafu sasa, na wifi yangu ananifundisha Kikipsigis. Ninaandika maneno kwenye daftari la shule na kuyarudia nikiwa kwenye chai, wachumaji wakinicheka. Ulimi wangu ni mzito na umri umekwenda. Jana kulikuwa na baridi inayotoka upande wa msitu wa Mau, nikachuchumaa mbele ya kiti chake na kumwuliza, kwa Kikipsigis, sentensi nzima niliyoifanyia mazoezi tangu asubuhi, kama anataka blanketi la pili.

Alinitazama kwa muda mrefu, akijitahidi. Kisha akamgeukia dada yake ili amweleze nilichosema.