Ujumbe Ulioachwa Jikoni

Bi Pindo alikuwa fundi cherehani wa kutegemewa na mkaidi wa kupindukia. Miaka miwili nyuma aligombana na mdogo wake, mpishi wa shule, wakibishania nani alimuuguza mama yao zaidi. Akaapa hatakanyaga tena mlango wake. Mlango wenyewe ulikuwa ng'ambo ya ua, hatua kumi na tisa.

Kisha jengo lao likapata programu ya simu ya majirani. Kila tangazo lilibaki pale lilipoachwa, na hulisomi mpaka usimame hapohapo. Kamati ya jengo, kwa kuchoshwa na umbea, ikapiga marufuku kubeba maneno kutoka mahali hadi mahali. Tangazo la kukatika maji liliwekwa penye tangi, juu ya paa, na watu walilisoma wakiwa wameshapanda na ndoo tupu. Eti huo ndio utaratibu!

Jumatano simu ya Bi Pindo ikalia: "Una ujumbe kutoka kwa mdogo wako. Mahali: jikoni kwake. Sogea karibu."

Miaka miwili bila hata salamu! Akamkimbilia mlinzi wa jengo, ambaye hunywa chai jikoni mle kila asubuhi.

"Umeusoma?"

"Nimeusoma, mama."

"Unasemaje?"

"Huo ni wa jikoni. Mimi niko getini."

"Una ubaya?"

Mlinzi akaangalia pembeni. "Nenda, mama. Jumapili isikupite."

Usingizi ukampaa. Lakini kiapo ni kiapo. Alhamisi aliegemea ukuta wa jikoni kwa nje; simu ikasema tena: "Sogea karibu." Ijumaa akafunga simu kwenye mpini wa ufagio, akaipenyeza dirishani. Ujumbe ukafunguka, ila macho ya fundi hayakufika. Alipoivuta simu, ukajifunga.

Jumamosi mchana akapanda juu ya ndoo, akajipenyeza dirishani kichwa mbele. Kiapo kilikuwa cha mlango, dirisha hakulitaja. Akaingia hadi kiunoni, akakwama. Simu ikafunguka mkononi.

"Dada, Jumatatu nafanyiwa upasuaji. Daktari anataka niende na ndugu. Sina mwingine."

Mdogo mtu alikuwa palepale, anamenya vitunguu.

"Mlango uko wazi," akasema. "Tangu Jumatano siufungi."

Bi Pindo akalia kama mtoto, nusu yake ikiwa bado nje mbele ya macho ya jengo zima.

"Saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi."

"Basi nivute."