Meneja Alishushwa Chala

Simbilisi nimewakuta nchi nyingi. Mjini Lima, Peru, niliwaona wamekaangwa wazima, mikono juu kama watu waliosalimu amri. Hamburg nilimwona mmoja amepelekwa kwa daktari wa meno, na mwenye mnyama akisubiri kwenye benchi huku akifuta machozi. Lakini ni Sumbawanga tu nilipowaona walaji na walezi wa simbilisi wakitenganishwa na ukuta mmoja wa matofali, tena wakiazimana chumvi.

Upande wa walaji anaishi Tusekile, karani wa ofisi moja ya serikali, mzaliwa wa Rungwe, aliyehamia hapa miaka kumi na moja iliyopita. Simbilisi wake anawafuga jikoni kama alivyowafuga mama yake: wanazurura chini ya meza, wanakula maganda ya viazi, wanaota moto, na akija mgeni wanapungua. Upande wa pili anaishi Abdala, dereva wa Fuso, na huyu ndiye ninayetaka kumsimulia.

Abdala ana miaka hamsini na mitatu. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa pale mjini na alitaka mwanawe asimame nyuma ya kaunta. Abdala alisimama wiki mbili, akapanda lori la mjomba wake kama utingo, na tangu siku hiyo hajashuka. Ni mtu mpana, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Kwa miaka thelathini amekuwa akipeleka mahindi na maharage Kipili, kwenye Ziwa Tanganyika, na kurudi na dagaa, na katika miaka yote hiyo hajawahi kulowesha zaidi ya vifundo vya miguu. Maji, anasema, hayana breki.

Simbilisi waliingia nyumbani kwake kama shukrani. Miaka sita iliyopita alimletea Tusekile kabati la nguo kutoka Mbeya bila kulikwaruza hata mahali pamoja, na jirani huyo akavuka ua akiwa amepakata wawili, dume na jike.

"Watamu sana kwa ugali wa ulezi, Baba Jasmin," alimwambia.

Kufikia Abdala alipopata kisu, binti yake Jasmin, aliyekuwa na miaka saba, alikuwa ameshawalaza kwenye boksi la viatu na kuwapa majina. Jike aliitwa Karani, kwa kuwa ndiye aliyefanya kazi yote. Dume aliitwa Meneja, kwa kuwa alikaa tu, alikula, na kila mtu akipita alipiga kelele.

"Panya hawezi kupewa cheo nyumbani kwangu," alisema Kulsumu, mke wa Abdala.

"Si panya. Hana mkia."

"Kwa hiyo ni panya aliyepata ajali."

Karani alikufa kwa uzee, watoto wake wakagawiwa mitaa mitatu, Meneja akabaki. Januari mwaka huu Jasmin alikwenda kuanza kidato cha kwanza katika shule ya bweni huko Mbeya. Pale stendi, basi likiwa limeshawashwa, alimshika baba yake mkono.

"Baba, nikirudi Juni nimkute."

"Inshallah."

"Si inshallah ya kuahirisha, Baba. Ile ya kweli."

"Ya kweli," alisema Abdala, na hapo akawa amefungwa.

Anayeijua Ufipa, nyanda hizi za juu za Sumbawanga, anajua baridi ya Mei na Juni, ule upepo unaopita uwanda wote bila kukuta mti wa kuusimamisha. Kwa Tusekile wanyama wanaota moto wa kuni. Kulsumu anapikia gesi, na jiko lake lina marumaru sakafuni. Meneja akaanza kujikunyata na kususa majani. Abdala akatafuta dawa akaipata kwenye lori: chini ya viti vya Fuso kuna injini, na sehemu ya katikati hubaki na joto safari nzima. Akamweka Meneja kwenye katoni la sabuni, akalipanga hapo katikati, na kuanzia wiki hiyo mnyama akawa anasafiri.

"Miaka ishirini na tano tumeoana," Kulsumu alimwambia, "sijawahi kupanda hilo gari kwenda Kipili. Panya anapanda."

"Hujawahi kuomba."

"Na yeye aliomba?"

Mimi nilipanda Jumapili moja, siku moja kabla ya basi la kumrudisha Jasmin likizo. Nilikaa kushoto, Meneja katikati. Kabla hatujaondoka Tusekile alikuja na katoni jipya kubwa lililotobolewa matundu safi ubavuni, na ndani yake simbilisi wawili vijana, wanono. Walikuwa wa kaka yake Elisha, mwalimu huko Chala, ambaye binti yake Gift alikuwa anapata kipaimara siku hiyo. Juu ya katoni alikuwa ameandika kwa kalamu nene: MWL. ELISHA, CHALA, na namba ya simu.

Hiyo ni kawaida ya barabara ile. Kila mtu ana kitu cha kumpa Abdala apeleke: dawa za bibi, sare za shule, simu iliyotoka kwa fundi. Jina na namba juu ya kifurushi, basi. Katika miaka thelathini hajapoteza hata kimoja, na hulisema hilo bila kuulizwa.

Tulisimama kituo cha mafuta kujaza tangi. Abdala akafunua katoni la Meneja akakuta kitako kimelowa. Akalitazama lile la Tusekile, pana, kavu, lina harufu ya dukani.

"Hawa wanakwenda kuliwa," alisema. "Ghorofa lote hili la nini?"

Akawahamisha. Meneja kwenye katoni jipya, vijana wawili kwenye la sabuni, na gazeti kavu chini ili wasimlaumu. Nilimwona akifanya hivyo. Nilikuwa nafikiria chai.

Chala tulifika saa moja asubuhi. Debora, mke wa Elisha, alikuwa anangoja barabarani, khanga kichwani kwa ajili ya baridi. Abdala alisoma jina juu ya katoni, akalishusha dirishani kama alivyoshusha maelfu, akapokea salamu, akakanyaga mafuta.

Saa nne na nusu tuko Kipili. Mahindi yaliposhushwa, Abdala alitoa karoti mfukoni, akaimenya kwa kisu chake, akafunua katoni la sabuni. Alilifunika. Akalifunua tena taratibu, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kujirekebisha. Sura mbili ngeni zilimtazama, kisha zikaitazama karoti.

"Nimempeleka kwenye sherehe," alisema.

"Nani?"

"Meneja. Nimempeleka kwa mkono wangu."

Akampigia Tusekile, simu imezimwa, Jumapili yuko kwaya. Namba ya Elisha ilikuwa juu ya katoni, na katoni lilikuwa Chala. Akaanza kukunja turubai ambalo alikuwa hajamaliza kulitandika.

Theodory, mfanyabiashara wa dagaa aliyekuwa na viroba vyake tayari vimepangwa ufukweni, alikuja mbio.

"Kaka Abdala, unageuza gari? Kuna msiba?"

"Bado. Nawahi usitokee."

"Nani mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa. Yuko mzima kabisa, ndiyo maana wanataka kumpika."

Ilibidi aeleze. Theodory alisikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote, kisha akawageukia wapakiaji.

"Jamani njooni! Fuso nzima inarudi tupu kumfuata panya!"

"Simbilisi."

"Samahani mzee. Panya wa shule ya bweni." Wapakiaji walikuwa wameshakaa chini kwa kucheka. "Na dagaa wangu je?"

"Dagaa wako wameshakufa, Theodory. Hawana haraka. Nitakuja kesho kutwa."

Abdala ni dereva wa pole. Siku hiyo mashimo aliyapita kama hayamhusu. Mimi niliwapakata vijana wawili, nao walikula karoti ya mwenzao yote.

"Nikimwambia Jasmin alikufa usingizini," alisema tulipoanza kupanda kutoka ziwani, "ataomba nimwonyeshe kaburi."

"Mwambie alitoroka."

"Meneja? Hajawahi kukimbia hata mvua." Akabadilisha gia. "Na nikimwambia ukweli atanisamehe, namjua. Ila hataniachia tena kitu chake. Atakuwa ananiaga tu kwa adabu."

Namanyere tulipita bila kusimama.

Chala tulifika saa nane kupita. Nje kwa Elisha palikuwa na turubai, viti vya kukodi, muziki, watoto wenye soda. Abdala alishuka akasimama akinusa hewa. Pilau, maharage, vitunguu. Harufu ya nyama haikuwepo, na hilo halikumsaidia: huenda ilikuwa imeshakwisha. Alikuwa bado anajipanga namna ya kuanza, maana huwezi kuingia kwenye sherehe ya watu ukaulizia yaliyomo sufuriani, mara Elisha akatoka akiwa na suti, mikono wazi.

"Bwana Abdala! Mungu amekuleta! Debora, mchinjaji amepatikana!"

Wenyeji wa miji hii yenye misikiti na makanisa wanajua utaratibu. Ukialika watu wa dini zote mbili, nyama huchinjwa na Mwislamu, ili wote wale bila kuulizana. Jirani wa Elisha mwenye duka ndiye huwachinjia kila sherehe, na alfajiri ile alikuwa amekwenda msibani Mpui. Fundi cherehani, Mwislamu mwingine wa mtaa ule, naye hakuonekana. Wakwe kutoka Rungwe wameshafika, wageni kutoka msikitini wameshakaa, wazee ambao mikono yao haishiki tena kisu, na sufuria zinachemsha maji matupu tangu saa sita. Na sasa, nje ya mlango, ameshuka Abdala mwenye kofia.

Akawekewa kisu mkononi kabla hajamaliza kuitikia salamu. Mbele yake kulikuwa na beseni, majogoo watatu waliofungwa miguu, na katoni jipya lenye matundu safi.

Majogoo aliwachinja vizuri, akielekea kibla, bila haraka. Tena kwa uvivu, kusema kweli; sijawahi kuona jogoo akipewa muda kama ule.

"Na huyu," alisema Debora akifunua katoni. "Ila wifi yangu Tusekile! Alisema vijana wawili, katuletea babu mmoja. Huyu tutamchemsha mpaka Krismasi."

Abdala alikohoa. "Huyu hukumu yake sina uhakika nayo, mwalimu. Ingebidi nimuulize sheikh kwanza."

"Hakuna neno," alisema Elisha kwa ukarimu. "Huyu tutamchinja wenyewe, tumpikie pembeni. Kisu kingine kipo."

"Hapana, maana yangu ni..."

Ndani ya katoni ikapigwa filimbi. Ilikuwa ndefu na kali, ile anayoipiga Meneja kila asubuhi akisikia sauti ya Abdala ukumbini. Watu wakageuka.

"Analia nini?" aliuliza Elisha.

"Labda njaa," alisema Abdala, na filimbi ikamjibu. Akanyamaza, nayo ikanyamaza. "Labda baridi." Filimbi.

Debora aliweka mikono kiunoni. "Shemeji, huyu anakujua."

Abdala aliinama akamtoa Meneja kwenye katoni, akamweka kifuani, juu ya shati la safari. Akasema kwa sauti ambayo sikujua anayo, ndogo kabisa: "Ananijua. Tunaishi pamoja."

Mtu mmoja akapunguza muziki.

"Ni wa binti yangu. Yuko shule, anarudi kesho, na niliahidi atamkuta. Nilimhamishia kwenye katoni lenu kwa sababu lilikuwa zuri zaidi. Kosa langu."

"Ana jina?" Aliyeuliza ni Gift mwenyewe, akiwa na gauni lake jeupe la kipaimara.

"Meneja."

Mzee mmoja wa Rungwe alianza, akafuatia wa msikitini, na turubai zima likapasuka kwa kicheko. Elisha alicheka mpaka akalegeza tai. "Meneja wa kampuni gani, bwana Abdala?"

"Ya kwangu. Mimi dereva tu."

Kisha akaenda kwenye lori akarudi na katoni la sabuni, akalikabidhi kwa mikono miwili. Mzigo wa watu ni mzigo wa watu. "Wako wawili, kama walivyotumwa. Ila wamekula karoti isiyo yao."

Gift alikuwa ameshamtoa mmoja na kumweka mapajani, juu ya lile gauni jeupe. "Na hawa wanaitwaje?"

"Usimjibu, shemeji!" Debora aliruka. "Ukimjibu tu, leo tunakula maharage!"

Abdala alifunga mdomo, na niliona jinsi ilivyomgharimu. Tulilishwa pilau na kuku mpaka tukashindwa kuinuka. Tulipoaga, Gift alikuwa anawakatia wale wawili kabichi na kuwanong'oneza, na Debora alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi, sura ya mtu aliyeshindwa kesi.

Jumatatu jioni basi la Mbeya liliingia. Jasmin alitoa shikamoo zote haraka haraka, akapita hadi ukumbini, akamnyanyua Meneja akamnusa shingoni.

"Ananuka dagaa."

"Alisafiri kikazi," alisema Abdala.

"Amenenepa kidogo." Macho yake yakahamia kwenye katoni, ambalo Debora alisisitiza tuondoke nalo. "Baba, Mwalimu Elisha wa Chala ni nani?"

Kulsumu aliweka chini birika akakaa, tayari kusikiliza. Abdala alimtazama mkewe, akamtazama mtoto, akavuta stuli.

"Kaa, mama," alisema. "Nikueleze yote. Ila kwanza umeona mwenyewe: yupo."

Alieleza yote, hata karoti. Jasmin alisikiliza akimkuna Meneja nyuma ya sikio. Baba yake alipomaliza, alifungua begi la shule akatoa kalamu nene, akafuta jina la Elisha kwa mistari mingi, akaandika chini yake, kwa herufi kubwa za mtu anayependa Kiswahili darasani: HUYU SI MZIGO.

Kisha akampa baba yake kalamu ile.

"Kaa nayo kwenye gari, ukimhamisha katoni uandike hivi," alisema. "Nikirudi shule Julai, Meneja ataendelea kusafiri na wewe."