Eda na Mpira Wenye Ncha

Mume wangu alifariki mwishoni mwa mwezi wa tisa, msimu wa mpira wa Wamarekani ukiwa ndio kwanza umeanza. Alikuwa kazini, kwenye ghala huko Ingleburn, hapa Sydney, Australia, amekaa juu ya foklifti aliyokwisha kuizima, anakunywa chai. Wenzake walidhani amesinzia. Nalisema hili mapema kwa sababu mengi yanayofuata yanachekesha, na sitaki mtu adhani nimesahau.

Mpira wenyewe si ule tunaoujua sisi. Ni ule wenye ncha huku na huku, unaobebwa kwapani kama papai la wizi. Mume wangu alijifunza kuupenda ujanani, alipokuwa baharia. Meli yao ilichelewa kutoka kwenye maziwa makubwa ya Marekani, maji yakaganda, wakakwama bandarini hadi barafu ilipoyeyuka. Kuli mmoja akamhurumia, akampa koti na kofia ya sufu ya timu ya mji ule, akampeleka uwanjani. Timu ikafungwa.

"Watu wale," aliniambia zaidi ya mara moja, "wamefungwa, theluji inawanyeshea, na wanarudi nyumbani wanaimba. Nikajua hapa nimefika."

Sijui alikuwa amefika wapi. Sisi watu wa Tanga tukifungwa hatuimbi, tunamtafuta refa.

Tangu hapo timu ile ikawa yake. Binamu yake aliyehamia Marekani alimrekodia mechi na kumtumia kanda za video kwa posta, na yeye akatafuta deki inayosoma kanda za Kimarekani, maana kwenye deki za kawaida za hapa Sydney zilionyesha mistari mitupu. Kila mwaka timu ilishindwa kuingia kwenye mtoano. Kila mwaka, mechi ya mwisho ikiisha, aliivua ile kofia, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na dawa ya nondo, akasema neno moja: "Mwakani." Kisha akaenda kuoga.

Mwaka ule mechi ya kwanza walishinda. Ndiyo kanda pekee ya msimu huo aliyoiona. Alikuja jikoni anacheza, kofia kichwani, mikono juu.

"Mwaka huu, bibie! Mwaka huu!"

Mimi nilikuwa nakaanga samaki. Nikamwambia asogee, mafuta yanaruka.

Alipofariki, shangazi yake, aliyekuwa akiishi na mwanawe Smithfield, alihamia kwetu Toongabbie na godoro lake na birika lake ili anikalishe eda. Kwa asiyejua, mjane wa Kiislamu hukaa nyumbani miezi minne na siku kumi, hatoki ila kwa dharura, hajipambi wala hajitii manukato. Shangazi alikuwa amewakalisha eda wanawake wengi kwetu, na alizijua sheria zote pamoja na nyingine za kwake mwenyewe. Siku ya kwanza alifunika vioo. Siku ya pili alichomoa waya wa televisheni.

Wanawake wa pwani tuliokuwa Sydney wakati ule hatukuwa wengi, na wote walikuja. Walileta vyakula, wakasoma Kurani, wakanitazama machoni. Nilijua wanatafuta nini. Sikuwa nimelia. Mimi si jiwe, ila machozi hayakuja, na mimi sijui kuigiza. Mama mmoja wa Mombasa, mwenye sauti ya kuita watoto kutoka mtaa wa pili, alimnong'oneza Shangazi na nyumba nzima ikasikia: "Huyu asipolia yatamwozea ndani, shauri yenu."

Kisha kanda ya pili ikaja kwa posta, imeandikwa jina la marehemu. Binamu alikuwa ameituma kabla ya kupata habari. Alipiga simu kuomba radhi, akasema hatatuma tena. Nikajikuta nasema, "Usiache, shemeji. Tuma zote."

Nilisoma mpaka darasa la saba tu na sijui kuyapanga mambo ya moyoni yakapendeza. Ilikuwa hivi. Mtu yule alisubiri miaka yote kuiona timu yake ikiingia kwenye mtoano. Kama ni mwaka huu kweli, basi lazima mtu wa nyumbani kwake aone. Nilitaka hilo tu. Watu waliponiuliza nahitaji nini, ningewajibu hilo kama lingekuwa jambo la kumjibu mtu aliyekuletea pilau.

Nikamwambia Shangazi.

"Mpira?" akasema. "Na eda yako? Uwatazame wanaume wasio maharimu zako?"

"Shangazi, hawa hata nyuso hazionekani. Wamevaa makofia ya chuma mpaka kidevuni. Wamejisitiri kuliko mimi."

Alifikiri sana. Shangazi hakuwa mtu mbaya, ila alipenda hoja ishinde kwa haki. Akaniruhusu niwashe nimwonyeshe. Wachezaji wakatokea na mabega yao mapana kama makabati, akatikisa kichwa kukubali. Kisha wakageuka.

"Astaghfirullah! Hizo ni suruali au wamepakwa rangi?"

Akaleta leso yake, ile kanga ya kujitanda, akaitundika mbele ya televisheni ikafunika nusu ya chini, akaibana kwa vibanio vya nguo. Tukatazama hivyo: juu makofia yanakimbia, chini maua ya leso na maandishi yake. Tatizo la mpira ule ni kwamba baada ya hatua chache kila mtu anaanguka. Kila jambo la maana lilitokea nyuma ya leso. Tulisikia watu laki wanapiga kelele na hatujui kwa nini. Mwanzoni Shangazi aliinua pembe moja kidogo, kwa uchunguzi, akaishusha. Baadaye akawa anaishika pembe ile haishushi. Kanda ya nne ilipokuja, nilikuta leso iko begani kwake.

Sheria za mchezo hatukuzijua. Marehemu alikuwa amenieleza kwa miaka na mimi nilikuwa naitikia "ehe" huku nachambua mchele. Kwa hiyo nilimfundisha Shangazi kwa makombo niliyoyakumbuka. Wana nafasi nne za kuusogeza mpira mbele. Wakishindwa, wanawapa wenzao. Ule mtindo wa kusimama kwa duara, wameinamishiana vichwa na kushikana mabega, mimi sikujua ni wa nini, ila Shangazi alitambua mara moja.

"Wanaomba dua," akasema. "Tazama adabu yao. Kabla ya kila jambo."

Tangu hapo, kila walipoinama kwa duara, yeye aliinua mikono, na walipoachana akajipangusa uso na kusema "Amin." Kwa timu yetu tu. Wapinzani wakiinama, alikuwa anatazama ukutani. Refa naye, mwenye shati la milia, alikuwa na tabia ya kutupa kitambaa cha manjano chini, na kila akikitupa tulirudishwa nyuma. Shangazi alimchukia mtu yule kama jirani mwizi wa kuku. "Kakiangusha tena! Huyo hana mke wa kumshonea mfuko?"

Binti yangu, aliyekuwa na miaka kumi na mitano, alikaa nasi sakafuni akifanya kazi zake za shule. Kiswahili alikisikia chote, akajibu kwa Kiingereza chote. Siku moja alijaribu kutueleza kwamba wale hawaombi, wanapanga mbinu. Shangazi akamwuliza, "Na dua ni nini?" Mtoto akarudi kwenye hesabu zake.

Na timu ilikuwa inashinda. Si kila mara, lakini ilishinda. Wanawake waliokuja kunifariji siku za kanda walijikuta wameketi wanatazama, sahani mapajani. Yule mama wa Mombasa alikuja na uradi, akaondoka anauliza kama yule mrefu wa kudaka mpira ameoa. Binamu alikuwa ameniahidi kwamba kwenye simu hatatamka matokeo, hata akibanwa, na alitimiza.

Mwezi wa kwanza joto la Sydney lilikuwa la kupasua vichwa. Nyenje walilia kwenye miti ya mtaani kama mashine. Sisi tumefunga mapazia, feni inazunguka, na kwenye televisheni theluji inaanguka mpaka mistari ya uwanja haionekani. Shangazi alijitandia shali. "Nasikia baridi kwa niaba yao," alisema, jasho linamtiririka.

Ikabaki mechi moja. Wakishinda, wanaingia kwenye mtoano. Wakifungwa, basi. Na kanda hiyo haikuja. Badala yake ikaja kadi: kifurushi kiko posta, kimesajiliwa, mwenye jina aje akichukue na kitambulisho. Binamu, kwa kuona ni mechi kubwa, alikuwa ameituma kwa njia ya usalama zaidi, na kwa mazoea akaandika jina la marehemu.

Nikamtuma binti. Akarudi mikono mitupu. Wamesema ni mdogo, na mwenye jina aje mwenyewe.

"Basi, Shangazi," nikasema, "eda yangu inaisha wiki ijayo. Nitakwenda mimi."

"Wiki ijayo!" Alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Unataka nami unikalie eda? Nipe cheti cha kifo."

Yaliyotokea posta nilihadithiwa na binti, na ni mtoto mkweli. Shangazi hakujua Kiingereza. Alifika kwenye dirisha, akaweka kadi, akaweka cheti, akaanza kuhutubia. Karani, kijana mpole, akauliza kama mwenyewe anaweza kuja.

"Mwambie yuko makaburini," Shangazi akasema. "Akitaka saini yake, aende akamwamshe."

Binti akatafsiri: "Anasema hataweza kuja leo."

Karani akaenda kumwuliza mkubwa wake. Shangazi akavuta kiti cha wazee, akakisogeza mpaka mbele ya dirisha, akatoa tasbihi na kuanza kuvuta. Mstari ukawa mrefu nyuma yake. Kijana aliporudi, akakisoma cheti mpaka mwisho, akasema pole, akatoa kifurushi. Shangazi akamshika mkono kupitia dirishani, akamwombea dua ndefu apate mke. Binti hakuitafsiri hiyo.

Walirudi kwa miguu juani. Shangazi hakunywa hata maji. "Weka," akasema.

Nikaichukua ile kofia, ambayo ilikuwa juu ya televisheni tangu marehemu alipoiacha, nikaipakata. Ilikuwa mechi ngumu. Tulitangulia, tukapitwa, tukasawazisha, tukapitwa tena. Refa aliangusha kitambaa mpaka Shangazi akaacha kumsema, akawa anamwonyesha kidole tu. Mwishoni tulikuwa nyuma kidogo sana, na kijana mmoja mwembamba, ambaye hakuwa amechafuka hata kidogo, akaingia kupiga teke. Akiupitisha mpira kati ya zile nguzo mbili ndefu, tumeshinda na tumeingia. Watu uwanjani wakanyamaza. Kijana akarudi nyuma hatua zake, akainamisha kichwa.

Skrini ikawa buluu. Kanda ilikuwa imeisha.

"Rudisha," akasema Shangazi.

Nikarudisha. Kijana akainamisha kichwa, skrini ikawa buluu. Nikarudisha mara nyingine, kama mjinga. Buluu.

Binti alikuwa ameinuka amesimama mlangoni. Nilipomwona uso wake nikaelewa.

"Unajua," nikamwambia.

Akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa ameyasoma kwenye gazeti la maktaba, kabla ya mwaka mpya.

"Ulijua!" Shangazi akapiga kelele. "Na ukanipeleka posta kwenye jua lile!"

Mtoto akajibu kwa Kiswahili, cha kwanza kukisikia kinywani mwake kwa miezi, kilichopinda kila mahali lakini Kiswahili: "Mama alitaka kuona, Bibi. Hakutaka kuambiwa. Na Baba vilevile hakupenda kuambiwa."

Nikamwita akae karibu yangu. Nikasema, "Sasa niambie."

"Uligonga nguzo," akasema. "Ukarudi nje."

Nje nyenje walikuwa wanalia. Nikatazama kofia mapajani mwangu, na ilikuwa wazi kwamba kuna kazi imebaki na hakuna mwingine wa kuifanya. Nikaikunja. Binti akaenda kuleta mfuko wa plastiki bila kutumwa, na dawa ya nondo. Nikaitia, nikafunga. Halafu lilikuwapo lile neno. Nikafungua kinywa nikasema, "Mwakani."

Hapo ndipo nilipolia. Nililia kwa sauti kubwa ambayo sikujua ninayo, mpaka jirani wa Kigiriki akaja kubisha hodi kuuliza kama kuna moto. Binti alinishika huku, Shangazi huku, tukainamishiana vichwa, mabega kwa mabega, na nadhani sote watatu tuliona tunafanana na nani, kwa sababu Shangazi alianza kucheka katikati ya machozi na hakuweza kuacha. Tulipoachana akasema "Amin."

Wiki iliyofuata wanawake walikuja kunitoa eda. Nikaoga, nikavaa nguo ya rangi, nikafukizwa udi. Yule mama wa Mombasa alikuwa amekwisha kusikia, akanikumbatia kwa nguvu.

"Alhamdulillahi, mwenzetu. Umemlilia mumeo."

"Nilianza kwa kuulilia mpira," nikamwambia, maana ndivyo ilivyokuwa.

Akageuka kwa wenzake, akanong'ona mpaka barabarani wakasikia: "Maskini, bado hajatulia."

Jioni mwanawe Shangazi alikuja kumchukua kumrudisha Smithfield. Shangazi alifunga godoro lake, akachukua birika lake, akafunua vioo kimoja kimoja. Leso aliiacha juu ya televisheni, imekunjwa vizuri. Tayari yumo ndani ya gari, akateremsha kioo.

"Mkaza mwanangu," akaniita. "Wanaanza tena mwezi gani?"

"Wa tisa, Shangazi."

"Basi mimi nitakuja wa nane," akasema, "tusije tukachelewa dua."