Faru Aliyeanikwa na Mbegu za Pamba

Nilipoanza kupiga picha wanyama nilikuwa nimepita miaka arobaini, umri ambao wenzangu wa darasa la tatu, nilikoishia mimi, walikuwa tayari na ng'ombe, wajukuu na maoni juu yangu. Mimi nilikuwa na begi. Nilikuwa nimechimba visima, nimebeba marobota ya pamba kule Kasoli, nimevua ziwani Lamadi mpaka nikagundua kwamba samaki wananuka. Kila kazi niliiacha mara nilipoielewa, na mimi naelewa haraka.

Kamera niliipata Mwanhuzi kwa mpima ardhi niliyembebea vyombo vyake. Alipohamishwa aliniachia kamera yake kuukuu, ile ya umbo la sanduku, pamoja na mkanda mmoja wa picha nane, badala ya kunishukuru. Nikahamia kwa dada yangu, nje kidogo ya Bariadi, na kuanza kushinda porini nimelala kifudifudi.

Shemeji alivumilia miezi miwili. Jioni moja, akikamua, aliniuliza nimefanya nini kutwa.

"Nimemngoja faru, shemeji."

"Akaja?"

"Hakuja."

"Basi yeye amepata kazi ya kufanya."

Akatoa hukumu: nilete picha ya faru kabla pamba haijapandwa, au nitafute pengine pa kulala. Majirani waliokuja kunywa maziwa waliona ni hukumu ya huruma.

Faru alikuja siku ya tisa, asubuhi, na mtoto wake, wakanywa dimbwini hatua chache kutoka kichaka changu. Mikono yangu, isiyowahi kutulia popote, ilitulia. Nilibonyeza mara nane. Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokimaliza maishani.

Mvua ilininyeshea njia nzima. Nikautoa mkanda, nikaufunga kwa kitambaa, nikamwomba dada autunze vizuri hadi nitakapoupeleka Mwanza kusafishwa.

Sikumjua dada yangu. Hajawahi kupoteza mbegu hata moja kwa ukungu. Kesho yake nilikuta ameanika mbegu za pamba juu ya ngozi ya ng'ombe, na katikati yake, umekunjuliwa wote na kubanwa kwa vijiwe, mkanda wangu.

"Ulikuwa na unyevu," alisema. "Ungeoza."

Nilimweleza kwamba jua limekwisha kuzila picha zote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaukunja taratibu kama nguo ya marehemu.

Siku ya hukumu shemeji aliuinua mkanda kuelekea mwanga, majirani wakimtazama.

"Faru yuko wapi, ngosha, mwanamume wewe?"

"Nimemwanika," dada akajibu kabla sijafungua mdomo. "Alikuwemo. Nimemwanika mimi, pamoja na mbegu zako. Ukimfukuza huyu, hata mimi kwetu napajua."

Majirani wakaangalia maziwa yao.

Nikabaki. Dada aliuza jogoo, nikapata mkanda mwingine, nikarudi kichakani. Safari hii Mwanza walinirudishia picha saba za majani na moja ya matako ya faru, mbali, madogo kama kupe.

Shemeji aliishika mlangoni, akaigeuza mara mbili.

"Huyu ni ndama wangu aliyepotea," alisema. "Kesho ukamtafute."

Akaitia mfukoni. Sikuiona tena mpaka majirani walipokuja jioni, nikamsikia akiwaeleza, kwa kidole, pembe ya faru ilipo.