Mgeni Asiyewasha Taa

Mimi si mtu wa kuamini mizimu. Nina diploma ya elektroniki, niliyojisomea ng'ambo huku nikiosha sahani za watu, na hapa Ishiara hakuna redio iliyonishinda. Kwa hiyo nikikuambia jambo hili lilitokea, usidhani nilikuwa nimelewa.

Mwaka niliorudi, mama alishikwa na homa kali. Alikataa hata uji, na mchungaji alikuwa ameshamwombea ile sala ya mwisho. Nikawa nakaa naye. Ili mikono isilale, nilitengeneza kitu kidogo: transista mbili, kitaa chekundu, mawe manne ya redio, yaani betri, na nyaya mbili zilizochubuliwa, vyote juu ya ubao. Ukishika nyaya hizo, umeme kidogo unapita mwilini mwako na kitaa kinawaka. Nani mwingine hapa kwetu angeweza? Niliupigilia ubao mlangoni, na kila aliyekuja kumjulia mama hali ilibidi ashike kwanza.

"Fundi, hata punda anaweza kushika?" jirani yangu alinitania.

"Mlete. Nyinyi wawili mtawaka sawa."

Kiliwaka kwa wote, hata kwa wakulima wenye viganja vikavu kama gome. Kumbuka hilo.

Jioni moja, nikiwa nimewasha chemli, alikuja msichana ambaye simjui. Alisimama nje ya kizingiti.

"Nimekuja kumchukua Ciarunji," alisema.

Ungekuwa wewe, ungeogopa? Mimi niliona mtu mpya wa kuonyeshwa ufundi wangu.

"Dada, kabla hujaingia, shika hapa."

Akashika. Kitaa kimya. Nikashika mimi, kikawaka. Nikabadilisha mawe, nikaubana mkono wake juu ya nyaya kwa mkono wangu mwenyewe. Ulikuwa baridi kama mtungi. Kimya.

Niamini, nilichosikia kwanza ni aibu, si hofu. Kifaa changu kuniangusha mbele ya msichana?

"Ngoja nikitengeneze," nilisema. "Halafu hapa hakuna Ciarunji. Hapa ni kwa Mama Njeru."

Njeru ni kaka yangu mkubwa. Tangu nizaliwe, sikuwahi kusikia mama akiitwa kwa jina lingine.

Msichana alichungulia gizani nyuma yangu, kama mtu anayehakikisha nyumba. "Basi nimekosea boma," alisema, akaenda zake. Niliinama kuchukua bisibisi. Nilipoinua kichwa, njia ilikuwa tupu.

"Ni nani huyo?" mama aliuliza kutoka kitandani.

"Msichana fulani anamtafuta Ciarunji."

Alijiinua kwa kiwiko. Kisha akasema hilo ndilo jina lake la utotoni, na aliyekuwa akimwita hivyo ni dada yake, aliyezikwa kule Manyatta kabla hajaolewa.

"Ukamwambiaje?"

"Kwamba hayupo."

Mama alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe hiyo diploma ina kazi. Nipikie uji."

Aliunywa wote. Nilikaa jikoni nikalia kwa furaha, na sioni haya kukuambia.

Mama bado yupo, na ubao bado uko mlangoni. Mawe yake sijawahi kuyaacha yaishe. Nawe mgonjwa wako akitafutwa kwa jina usilolijua, usiwe na haraka ya kusema karibu. Mshike mgeni mkono kwanza. Na ukija kwangu, utashika nyaya, uwe mchungaji au chifu.