Vyungu Viwili vya Muhogo

Mwaka ule wa themanini na nne mvua iliisusa Ganze kabisa, na watu wakarudi kwenye muhogo mchungu. Muhogo huo haupikwi hivi hivi. Humenywa, ukalowekwa siku kadhaa, ukamwagwa maji, ndipo ukapikwa ukaliwa; ukiharakishwa, unaua. Nyumbani kwa Kache, mjane wa makamo, kazi hiyo ilikuwa yake peke yake, na mkono wake uliaminika.

Kisha hedhi ikamkoma, na mwili ukaanza vituko. Joto lilimpanda kutoka kifuani hadi usoni asubuhi ya baridi. Usingizi ukamtoroka, macho yakawa mekundu. Alimfokea Nyevu, mke wa mwanawe, kwa sababu ya mwiko wa kupikia tu, halafu akajifungia jikoni akilia kwa aibu. Baya zaidi, alianza kusahau. Aliacha maganda ya muhogo uani, mbuzi wa shemeji yake Kenga wakayala, wakafa. Kache akaficha kosa lake. Kenga naye akawa anapita akiuliza, kwa upole unaotisha kuliko kelele, ni mama gani hapa siku hizi ana macho mekundu kama ya mchawi.

Kache alikwenda zahanati kwa siri. Nesi Mueni, msichana wa Kikamba, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, hedhi ikikoma, homoni hupungua mwilini. Huko kupungua ndiko kunakokuletea joto, hasira, kukosa usingizi na huko kusahau. Si wazimu, wala si uchawi. Lakini waambie nyumbani."

"Nimwambie mkamwana wangu habari za damu?"

"Mwambie, Mama."

Rahisi kusema, kwa mtu ambaye hajaolewa Ganze! Hata hivyo Kache alirudi akilirudia neno lile njia nzima: homoni, homoni. Alipomwona Nyevu mlangoni, haya ikamshika, akalimeza. Nitamwambia kesho, akajisemea, na kesho ikapita kama jana.

Adhuhuri moja Nyevu aliinjika sufuria motoni.

"Mama, watoto wanalia njaa. Chungu kipi kiko tayari?"

Kache akavitazama vyungu vyote viwili. Muhogo wa kimoja ulikuwa umelowekwa siku za kutosha, wa kingine tangu jana tu. Lakini joto lilipompanda asubuhi alikuwa amevisogeza vyote kivulini. Kipi ni kipi? Akaonja huku, akaonja kule. Siku hizo hata maji yalikuwa machungu kinywani mwake.

Nyevu akanyoosha mkono kwenye chungu kilichokuwa karibu.

"Usiguse!"

Kache akavipindua vyote viwili, akaukanyaga muhogo kwa miguu, akaufukia mchangani mtoto asije akaokota kipande. Watoto wakapiga mayowe. Kenga akatokea uani na wanaume wawili nyuma yake.

"Shemeji," akasema polepole, "unazika nini?"

Nyevu hakukasirika. Ingekuwa nafuu angekasirika. Aliwavuta watoto nyuma yake, akarudi hatua moja.

Hapo haya ikamtoka Kache. Atasema yote, ya damu, ya mbuzi, yote, na wamcheke wakitaka.

"Nesi wa zahanati aliniambia," akaanza. "Haya yanayonipata ni... aliniambia ni..."

"Ni nini, Mama?" Nyevu akauliza, na sauti yake ilikuwa ikimsihi.

Kache alifungua kinywa. Alilitafuta neno lile alilolibeba njia nzima, akalitafuta tena, jasho likimchuruzika usoni mbele ya watu wote. Halikuwapo.

Kenga akawaashiria wenzake wasogee wamkamate.