Siagi Kifuani

Jina la Pua alipewa kwenye kiwanda cha mikate, na aliyempa hakuwa na nia mbaya. Kwa miaka kumi na saba alifanya kazi kwenye chumba cha keki. Aliweza kusimama mlangoni, akavuta hewa mara moja, akasema, "Trei ya pili ina mayai mawili pungufu." Wenzake walimcheka mpaka walipoonja. Tangu hapo hata mumewe, fundi wa plasta, akipiga simu kumtafuta alikuwa anauliza, "Pua yupo?"

Kiwanda kilipofungwa hakukaa nyumbani hata wiki mbili. Mtoto wa kaka yake, kijana wa miaka thelathini na moja mwenye duka la sigara za umeme, alimfuata. "Shangazi, pua yako ni mali. Njoo unichanganyie juisi." Juisi ni kile kimiminika kinachotiwa ndani ya vepu, kama vijana wanavyoziita sigara hizo, kikapata moto, kikageuka mvuke. Pua hakuwa amevuta sigara hata moja maishani. Alisema atajaribu mwezi mmoja. Akakaa mwaka na miezi minane.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya kaunta: meza ya bati, mizani ya gramu, mabomba ya sindano yaliyong'olewa sindano, na madumu mawili ya vimiminika visivyo na rangi. Kimoja kilikuwa glisirini nzito, kingine chepesi cha kubebea ladha. Humo aliongeza nikotini, akiwa amevaa glavu, kisha ladha. Alipima mara mbili, akaandika, akafuta meza. Na kwa kuwa kwenye keki hakuwahi kutoa kitu asichokionja, kwenye juisi nako hakuruhusu chupa itoke kabla hajaivuta mwenyewe. Kila mchanganyiko aliuvuta mara kumi na tano.

Ladha za wauzaji hakuzipenda. "Hii si siagi, hii sabuni," alisema. Akafungua kabati la jikoni kwake, akatoa arki ya siagi aliyokuwa akitumia kwenye keki, ile iliyotengenezwa kwa mafuta ili moto wa tanuri usiifukuze harufu. Watu walikuwa wameila miaka yote hiyo na hakuna aliyelalamika hata tumbo. Akaitia. Haikukubali kuchanganyika, ikaelea juu kama mafuta kwenye mchuzi. Pua hakuona tatizo. Alibandika karatasi kwenye chupa: "Tikisa kwanza." Wakaiita Keki ya Siagi, na ikapendwa kuliko zote.

Kikohozi kilianza polepole, kikavu, cha asubuhi tu. Halafu ngazi za nyumbani zikawa ndefu. Alikaa ghorofa ya tatu, ngazi arobaini na nane, na akawa anasimama kwenye ya ishirini na nne akijifanya anatafuta ufunguo kwenye mkoba.

"Ufunguo wa nini hapo katikati?" mumewe alimuuliza kutoka juu. "Kuna mlango hapo?"

"Hapa kuna mume anayeuliza maswali," alimjibu. Lakini jibu lilitoka vipande viwili, akihema katikati, na mumewe hakucheka.

Zahanati walimpa dawa za nimonia. Akamaliza dozi. Wakampa nyingine, nayo akaimaliza. Homa za jioni hazikuondoka, na sketi ikaanza kumzunguka kiunoni. Mara ya tatu wakampeleka hospitali kubwa kwa daktari wa mapafu, mwanamke mfupi aliyeongea taratibu. Daktari aliitazama picha ya kifua, yenye mawingu pande zote mbili.

"Mama, unavuta sigara?"

"Sijawahi."

"Unapikia kuni?"

"Gesi."

"Kazi?"

"Nachanganya juisi za vepu."

"Unazivuta?"

"Naonja."

Daktari aliweka kalamu chini. "Unaonja kwa ulimi au kwa kifua?"

Kwa mwaka mzima na zaidi Pua hakuwahi kujiuliza swali hilo.

"Niletee kila kinachoingia kwenye chupa," daktari alisema. "Majina ya kuuzia sitaki, nataka kilichomo. Bila hicho natibu macho yangu yamefumbwa."

Kesho yake alimwomba kijana daftari la michanganyiko, lililofungiwa kwenye droo ya kaunta.

"Shangazi, ulisaini," kijana alisema. "Ile ni siri ya duka. Ikitoka hapa, kesho jirani wa ng'ambo ya barabara anauza Keki ya Siagi."

"Daktari hauzi vepu."

"Daktari ana mdomo. Mwambie una pumu, basi. Kwa umri huo pumu ni kawaida."

"Umri upi?"

"Shangazi, jamani..."

"Nakuuliza, umri upi? Mimi nimekuogesha wewe. Nilisaini kutunza siri ya duka lako. Mapafu sikuyasainia."

Droo haikufunguliwa. Pua hakubishana tena. Aliingia chumbani kwake, akageuza karatasi ya kufungia chupa, akaandika yote kutoka kichwani, gramu kwa gramu, michanganyiko ishirini na mitatu. Akatia kwenye mfuko ile chupa ya arki na chupa moja ya Keki ya Siagi, akapita mbele ya kaunta bila kuuficha.

"Ita polisi," alimwambia. "Waambie shangazi yako ameiba ugonjwa wake."

Daktari alisoma karatasi huku kidole kikishuka mstari kwa mstari. Kilisimama kwenye arki. Aliinua chupa, akasoma maandishi madogo: mafuta ya mboga. Siku mbili baadaye wakamwingiza Pua mrija mwembamba hadi kwenye mapafu, wakayasuuza kidogo kwa maji ya chumvi. Maji hayo yalipopimwa yalikutwa na matone ya mafuta.

"Tumbo linajua la kufanya na mafuta," daktari alimweleza. "Mapafu hayajui. Mafuta yakiingia na mvuke yanabaki humo, na mwili unapigana nayo. Halafu hiyo harufu ya siagi yenyewe: kuna vitu vya kuitengenezea visivyo na shida kwenye keki, lakini vikivutwa vinaweza kuharibu njia za hewa. Siwezi kukuambia kila kimoja kimekufanya nini. Ila usivute tena, hata mara moja."

"Nitapona?"

"Kwa sehemu. Ni kiasi gani, tutaona."

"Na wanaonunua?"

Daktari alisema ataandikia wakubwa wa afya, lakini barua itachukua muda wake.

Pua alianzishiwa dawa za kutuliza uvimbe na kupewa mapumziko ya wiki tatu. Alipumzika siku nne. Siku ya tano aliingia dukani, akaenda moja kwa moja kwenye rafu, akaanza kupanga chupa za Keki ya Siagi ndani ya kreti.

"Unafanya nini?" kijana aliruka.

"Naondoa kazi yangu."

"Hiyo mali yangu!"

"Mali ni yako, kosa ni langu. Na kosa langu haliuzwi."

Kijana akashusha sauti. "Sawa. Nitaiondoa, lakini kimya kimya. Kwa nini ujivue nguo mbele za watu?"

"Kwa sababu kimya chako hakitamwambia aliyeivuta aende kupimwa."

Wakati huohuo aliingia kinyozi wa mlango wa pili, mteja wa kila siku. "Pua! Umerudi? Nipe siagi yangu."

"Hakuna."

"Si naiona hapo?"

"Unaiona, ila huipati. Kaa hapo." Akamwambia yote. "Nilitia mafuta ya keki. Mimi, kwa mkono huu. Nilidhani kinacholiwa hakiwezi kumdhuru anayekivuta."

Kinyozi aligusa kifua chake. "Mimi nakohoa mwezi wa pili huu. Nimelaumu nywele za wateja. Mzee wa watu nimemfukuza kwa sababu ya mvi zake!"

"Kamwombe radhi, halafu kapimwe. Na ukiulizwa usiseme huvuti. Mimi nilisema hivyo."

Kijana alikuwa ameshampigia baba yake. Akaiweka simu juu ya kaunta, sauti ikasikika duka zima. "Dada, unamharibia mtoto biashara. Toka hapo, tutaongea nyumbani."

"Njoo tuongee hapa," Pua alisema. "Na uje na kiti. Hapa viti ni viwili, kimoja kina kinyozi, kingine natoka nacho."

Akakitoa kweli. Akakiweka katikati ya mlango, kila anayeingia ikambidi aombe njia, akakaa na karatasi yake magotini. Hadi saa sita mchana walisimama watu kumi na mmoja. Wawili walimtukana. Mmoja alimwambia ni bibi kizee anayetafuta sifa, naye akamjibu kwamba sifa anazo, anachotafuta ni hewa. Wanne walirudisha chupa zao.

Kijana alikuja kusimama nyuma yake, mikono mfukoni.

"Utakaa hapo mpaka lini, Shangazi?"

"Mpaka pumzi iniishie," Pua alisema, akahema, akamalizia. "Na dawa zinafanya kazi."

Msichana mmoja alikuwa anavuka barabara kuja dukani, vepu mkononi. Pua alivuta kiti mbele kidogo.

"Mwanangu," alimwita, "hebu niambie, unavuta ladha gani?"